Sura ya Sita: Baada ya Orodha ya Mwisho

Mtoto aliyesoma shule za serikali Tanzania katika miaka ya 1990 alikua akisubiri orodha. Orodha ya waliochaguliwa kidato cha kwanza ilibandikwa ukutani, nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Ya kidato cha tano watu waliitafuta magazetini. Ya chuo kikuu ilibandikwa kwenye mbao za matangazo, na ya waliopata mkopo ikafuata. Kila mara kulikuwa na watu waliokaa mahali, wakapitia majina, wakaamua nani asonge mbele na nani abaki. Wewe kazi yako ilikuwa kufanya mtihani, kisha kusubiri.

Nimepita kwenye orodha hizo zote, tangu shule ya msingi kule Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baada ya hapo orodha zikaisha. Sura hii inahusu kipindi hicho. Naiandika kwa sababu kila mwaka nakutana na vijana waliofika hapo wakidhani wamepungukiwa akili, wana mkosi au wamerogwa, kumbe wamefika tu mahali ambapo utaratibu waliolelewa nao haupo tena.

Amefaulu, ila hakuchaguliwa

Wakati wetu shule za sekondari za serikali zilikuwa chache. Shule za kata zilikuja kuenea baadaye, kupitia Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004. Kabla ya hapo mtoto aliweza kufaulu mtihani wa darasa la saba na bado akabaki nyumbani, kwa kuwa nafasi hazikutosha. Watu wazima walilisema jambo hilo bila kushangaa: "Amefaulu, ila hakuchaguliwa." Darasani kwetu walibaki watoto waliokuwa wepesi wa hesabu kuliko wengi wetu tuliokwenda.

Hesabu zenyewe tulizifanya kwa namna ambayo naikumbuka vizuri. Darasa la sita tulikuwa kwenye mada ya faida na hasara. Ubaoni mtu alinunua machungwa, akauza, nasi tukatafuta asilimia ya faida. Nikirudi nyumbani nilimkuta baba na mnunuzi wa kabichi. Gunia lilijazwa mpaka mdomoni, kisha likaongezewa kipande cha gunia jingine juu, kikashonwa kwa kamba na kujazwa nacho. Hiyo ndiyo lumbesa. Bei ikabaki ya gunia moja. Baba alikuwa akiuza gunia na nusu kwa bei ya gunia moja, msimu hadi msimu, na mwanawe aliyekuwa akipata alama za juu katika faida na hasara alikuwa amesimama pembeni akishika sindano ya kushonea. Si mimi wala mwenzangu yeyote aliyewahi kuichukua hesabu ile ya ubaoni akaileta shambani. Kwetu sote hesabu zilihusu mtihani.

Tatizo hili lilikwisha kuonekana zamani. Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Alisema shule ya msingi isiwe maandalizi ya sekondari tu, kwa sababu watoto walio wengi hawatafika huko. Iwe elimu iliyokamilika, inayomwandaa mtoto kwa maisha atakayoishi kweli. Mwaka huo waliotarajiwa kupata nafasi ya sekondari walikuwa karibu asilimia 13 tu ya waliomaliza shule ya msingi. Maneno yake tuliyasoma na kuyajibia maswali. Katika shule nyingi, hata hivyo, kilichobaki kikiitwa elimu ya kujitegemea kilikuwa jembe la saa nane mchana: mwanafunzi analima shamba la shule, mavuno yanaondoka, na haambiwi mbegu ziligharimu kiasi gani wala mahindi yaliuzwa bei gani. Mikono ilifanya kazi na akili ikaachwa darasani.

Tranka, kwanja na sabuni mbili

Sekondari nilikwenda bweni. Fomu ya maelekezo ilitaka tranka, ndoo, kwanja, jembe, fagio la chelewa na ada ya shilingi 70,000 kwa mwaka. Kwa mkulima wa bonde la Mgeta hizo zilikuwa lumbesa nyingi.

Huko lugha ya masomo ilibadilika kwa siku moja. Usanisinuru tulioujua vizuri kwa Kiswahili, tukiweza kuueleza kwa jani la mharage mkononi, ulirudi kwa Kiingereza tusichokuwa nacho. Wengi walichagua njia iliyobaki, yaani kukariri. Usiku bwenini ungemsikia mtu akirudia fasili moja tangu mwanzo hadi mwisho bila kujua imekata wapi na imeanza wapi. Wanafunzi walikuwa na usemi wao kwa anayekesha na madaftari bila kuelewa: msuli tembo, matokeo sisimizi. Nchi nzima ilikuja kuyaona matokeo ya aina hiyo Februari 2013, yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 na zaidi ya nusu ya watahiniwa wakapata daraja sifuri. Serikali iliunda tume, na alama zikapangwa upya. Vijana wale hawakuwa kizazi cha wajinga. Walifundishwa wengi kwa pamoja, katika shule zilizofunguliwa haraka kuliko walimu walivyopatikana, kwa lugha ambayo wengi wao hawakuipata hata redioni.

Jambo lililonisaidia kuliko yote sekondari halikuwa kwenye ratiba. Shule ilikuwa na duka dogo la sabuni, kalamu, madaftari na biskuti, na mwalimu wetu wa biashara alilikabidhi kwa wanafunzi wachache, mimi nikiwa mmoja wao. Kila jioni kabla ya prepu, yaani kipindi cha kujisomea usiku, tulifunga hesabu mbele yake: bidhaa zilizokuwepo asubuhi, zilizoingia, zilizouzwa, zilizobaki, na fedha mezani. Jioni moja ilipungua miche miwili ya sabuni. Fedha yake ilikuwa ndogo mno, tukamwambia tutachanga tuifidie.

"Sitaki fedha yenu," alisema. "Nataka kujua sabuni zimekwenda wapi."

Tulirudi rafuni, tukahesabu upya, tukasoma daftari mstari kwa mstari, tukamuuliza kila aliyeingia dukani siku ile. Mwishoni tuligundua kuwa zilichukuliwa jikoni kuoshea masufuria na mpishi aliahidi kusaini kesho yake. Mwalimu akatuonyesha pa kuandika: mali iliyotoka bila kuuzwa, nani kaichukua, kwa idhini ya nani. Hakupandisha sauti hata kidogo. Jioni ile nilielewa kuwa daftari linatunzwa ili ujue kilichotokea ukiwa haupo, na elimu hiyo haikutoka kwenye mtihani wowote.

Mlimani

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, katika jengo la mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na wanafunzi 14 wa sheria. Kilihamia Mlimani mwaka 1964, na Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Wanafunzi wale 14 hawakuhitaji kutafuta kazi. Nchi nzima ilikuwa ikiwatafuta wao. Kwa miaka mingi baadaye hali ilifanana na hiyo: wizara, mashirika ya umma, mahakama na shule zilikuwa na viti vitupu, na mhitimu alipangiwa kituo. Wazee waliotuambia "soma mwanangu upate kazi" walisema kweli, kwa kuwa walieleza walichokiona kwa macho yao. Kweli yao ilipitwa na wakati mashirika yalipoanza kubinafsishwa na serikali kupunguza watumishi katika miaka ya 1990, lakini nasaha ikabaki vilevile, na sisi tukaondoka nayo nyumbani.

Niliingia mwaka 2006 kusoma sosholojia. Bodi ya Mikopo ilikuwa imeanza kazi mwaka mmoja tu kabla, Julai 2005, kwa sheria ya mwaka 2004. Watoto wa wakulima tulikuwa tukiulizana kila wiki kama bumu, yaani fedha ya kujikimu, limeingia. Tulisomea madesa, zile karatasi zilizorudufiwa za waliotutangulia, na tuliogopa sapu, yaani mtihani wa marudio, na kuliko sapu tuliogopa kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli. Sitayadharau maisha yale. Mlimani nilijifunza kusoma kitabu kizima na kubishana na mwandishi wake. Nilikaa chumba kimoja na Msukuma, Mnyakyusa na Mpemba, na nikasikia nchi yangu ikizungumza kwa lafudhi ambazo sikuwahi kuzisikia milimani kwetu. Kijana anayeambiwa chuo ni kupoteza muda anadanganywa.

Lakini chuo kilitufundisha maarifa bila kutukutanisha na mwenye shida. Hapo ndipo mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi wanayaita fildi, yalipokuwa na thamani. Nilipelekwa kwenye idara ya maendeleo ya jamii ya halmashauri moja. Niliona vikundi vya akina mama vikija na maombi ya mkopo na kurudishwa: katiba ya kikundi haina kifungu cha uongozi, muhtasari wa kikao haujasainiwa, andiko la mradi halina mchanganuo wa gharama. Walitoka kata za mbali, wakarudi kata za mbali, wakaja tena. Wengi wa wanafunzi wenzangu walizichukua wiki zile za fildi kama sahihi ya kutafutwa ili ripoti ipite. Mimi ziliniachia picha ya watu wanaojua kazi lakini wanakwama kwenye karatasi.

Nchi hii iliwahi kulitazama pengo hilo kati ya chuo na kazi kwa ukali zaidi. Azimio la Musoma la Novemba 1974, linalokumbukwa kwa elimu ya msingi kwa wote, lilitaka pia kijana aende kwanza kazini kabla ya kuingia chuo kikuu, na wenzake wa kazini watoe maoni juu yake. Utaratibu huo uliachwa baadaye, na ulikuwa na kasoro zake, hasa kwa masomo ya sayansi ambako kijana alisahau aliyojifunza. Wazo lililokuwa ndani yake naliheshimu mpaka leo: mtu aonje kazi kabla hajafundishwa nadharia ya kazi.

Bahasha za kaki

Nilihitimu. Kisha nikaingia kwenye maisha ya bahasha za kaki, kama wengine wote. Barua yenye "YAH: MAOMBI YA KAZI" katikati, wasifu, nakala za vyeti zilizothibitishwa na wakili, cheti cha kuzaliwa, picha ndogo. Tangazo lilitaka uzoefu usiopungua miaka mitatu. Bahasha iliondoka, na jibu halikuja. Tatizo kubwa halikuwa kukataliwa, maana aliyekataliwa ameambiwa kitu. Ukimya ndio uliochosha, kwa sababu tangu tukiwa watoto tulizoea kwamba baada ya mtihani yanatoka matokeo.

Aliyetaka kuona ukubwa wa jambo hili angekwenda Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, Juni 2014. Usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji ulifanyikia uwanjani kwa sababu walioitwa walizidi 10,000 na hakuna ukumbi ungewatosha. Wahitimu walikaa kwenye viti vya mashabiki wakiwa na kalamu na karatasi mapajani. Hata angechaguliwa mtu bora kabisa kwa kila nafasi, jukwaa baada ya jukwaa la vijana wazuri lingerudi nyumbani.

Nyumbani nako kuna maswali. "Siku hizi uko wapi?" ni salamu ya kawaida, lakini kwa mhitimu asiye na kazi inachoma. Vijana wengi huacha kwenda misibani na harusini kwa ajili ya swali hilo tu, na kwa kujificha hivyo wanajitenga na watu walewale ambao wangewapa kazi ya kwanza. Namwambia kila kijana asiache kwenda. Jibu liwe la kweli na lenye mlango: "Natafuta, na kwa sasa nafanya hiki na hiki. Mkisikia mtu anahitaji, mniambie."

Meza karibu na halmashauri

Kwangu hiki na hiki kilikuwa kazi katika steshenari ya binamu yangu mjini Morogoro, karibu na ofisi za serikali. Kulikuwa na mashine ya kudurufu, kompyuta moja, kalamu na bahasha. Siku moja aliingia mama lishe, khanga kiunoni, amebeba karatasi zilizokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa hapa mnaandika."

Kikundi chao kilikuwa kimerudishwa. Nilifungua karatasi, nikaona kosa lilelile nililoliona fildi: hakuna mchanganuo. Nikamuuliza kilo moja ya mchele inatoa sahani ngapi.

"Tano. Nikibana, sita. Ila nikibana mteja haji kesho."

Mkaa? Gunia linakwenda siku ngapi? Mafuta? Maharage? Maji ndoo bei gani wakati wa kiangazi? Alijibu bila kusita, kila gharama na kila badiliko la bei, kichwani. Alijua hata siku za mwezi ambazo watumishi wanakula chai na maandazi tu kwa sababu mshahara haujatoka. Niliziweka namba zake kwenye safu, kama zilivyokaa kwenye daftari la duka la shule: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mwisho wa ukurasa ikaonekana kwamba wali maharage ulimpa faida ndogo sana na chai ya asubuhi ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Nilimsomea. Alinyamaza kidogo, akaniomba nirudie pale kwenye mkaa.

"Kumbe ndicho mnachosomea huko?" akauliza.

Alilipia kazi, akaondoka na andiko lake, na baada ya hapo akawaleta wenzake. Kuanzia pale nilikuwa na kazi. Niliandika katiba za vikundi, mihtasari na maandiko ya miradi, kisha nikaanza kuwafundisha makatibu wa vikundi waandike wenyewe. Haja iliongezeka zaidi baada ya sheria ya mwaka 2018 kuzitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Baadaye kikundi cha wakulima wa kwetu Mgeta kiliniita. Safari hii tuliifanya hesabu ya lumbesa hadharani, kwenye uwanja wa shule, kwa kupima gunia lililoshonewa na gunia la kawaida na kuandika tofauti ubaoni. Wazee waliitazama ile namba kwa muda mrefu. Walichanga wakanunua mizani. Mnunuzi wa kwanza alikataa akaondoka na gari tupu. Waliofuata walikubali kununua kwa kilo, kwa sababu kabichi ilikuwa nzuri na wakulima walisimama pamoja. Kilichobadilisha bei kilikuwa mada ya darasa la sita.

Hapo ndipo nilipopata jambo ninalotaka msomaji aondoke nalo katika sura hii. Mama lishe wa darasa la saba na mhitimu wa chuo kikuu kila mmoja alikuwa na nusu ya maarifa. Yeye alikuwa na soko, bei na watu. Mimi nilikuwa na mpangilio, maandishi na uvumilivu wa kutafuta namba iliyopotea. Shule ilikuwa imetutenganisha tangu utotoni kwa orodha, mmoja akaitwa msomi na mwingine akaitwa aliyebaki, na kazi yangu ya kwanza ilitokana na kukutana kwetu upya.

Ninayowaambia wanaomaliza leo

Mambo yanabadilika. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10, na mitaala mipya yenye mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, ilianza kutumika Januari 2024. Nimefurahi, na nina angalizo moja. Kijana akifundishwa kuchomelea bila kufundishwa kupanga bei, kuandika ankara na kuongea na mteja, tutakuwa tumetoa cheti kipya kwa mtu yuleyule anayesubiri kuitwa. Karakana bila daftari itakuwa kama lile jembe la saa nane mchana.

Kwa aliye chuoni: fildi yako ichukulie kwa uzito kuliko somo lolote. Tazama watu wanarudishwa mlangoni kwa sababu gani, uandike. Huko ndiko kazi iliko. Jifunze pia kuandika Kiswahili kilichonyooka, kwa kuwa wengi utakaowahudumia watahitaji barua, mkataba na hesabu wanazozielewa wenyewe.

Kwa aliyekopa: deni lako lipo hata kama hujaajiriwa, na ukiajiriwa asilimia 15 ya mshahara itakatwa. Mwaka 2021 tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa, nafuu kubwa kwa wengi. Uliza salio lako mapema na ulijue kama unavyojua kodi ya chumba chako.

Kwa mzazi: kijana anayefanya kazi ndogo huku akituma maombi hajaaibisha ukoo. Mwulize leo amemsaidia nani na amelipwaje, umsikilize kwa heshima ileile ambayo ungempa mwenye ofisi.

Na kwa wewe uliyemaliza, ambaye simu yako haijaita: endelea kutuma maombi, maana nafasi zipo na wapo wanaozipata. Ila usiyape maombi siku nzima. Mtafute mtu mmoja mtaani kwako ambaye ulichosoma kinaweza kumtatulia shida, awe fundi, muuza duka, mkulima au mwenye shule ya chekechea. Nenda kwake asubuhi, umwulize kazi yake inavyokwenda, umsikilize mpaka mwisho. Mfanyie kazi moja, uimalize vizuri, uandike ulichofanya na muda uliotumia. Kisha mtaje bei, bila kuona haya.